Kazi ya mwamuzi wa besiboli: ligi za kulipwa au mechi za shule na vyuo?

Saa nne usiku, nikiwa nafunga kamba za viatu niende zamu, mpwa wangu alipiga simu. Ana miaka 22. "Shikamoo mjomba. Nikiacha kazi nikafuata kazi ya mwamuzi wa besiboli wa kulipwa, utanicheka?" Nikamwitikia, nikamwambia nitamjibu kwa maandishi, maana kwa simu ningeishia kwenye ndiyo au hapana. Baadaye nikaona swali si lake peke yake. Watoto wetu waliokulia Marekani, wa Kikongo, wa Kitanzania, wa Kikenya, wanacheza besiboli shuleni. Wachache watafika mbali kwa kucheza. Wengine watabaki wanaupenda mchezo bila kuwa na mkono wa kurusha wala bega la kupiga, na hao ndio wanaoanza kumtazama yule mtu aliyeinama nyuma ya mdakaji na kujiuliza amefikaje pale.

Nitangulize upande wangu usije ukadhani mimi ni mzani. Nachezesha mechi za sekondari hapa Louisville, Kentucky, kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Juni, kisha usiku nahamisha vifurushi. Njia ya ligi za kulipwa sikuipita. Ninayoyajua nimeyapata kwa kuitazama kwa miaka na kwa kukaa na wenzangu wawili walioipita, wakarudi.

Kwa aliyezoea refa wa soka: huku mwamuzi (sisi tuliokua karibu na viwanja vya kriketi tulimwita ampaya) hakimbii na mchezo. Wa nyumbani husimama nyuma ya mdakaji, anayeudaka mpira usiopigwa, na kuamua kila mrusho kama huo: straiki (umepita eneo la kupigika) au boli (umepita nje yake). Wa besi, vile vituo anavyovizunguka mkimbiaji, huamua nani ameokoka na nani ni auti, yaani ametolewa. Mpira unaorushwa kwa kilomita 150 kwa saa hufika kwenye kibao cha nyumbani, anaposimama mpigaji, kwa muda wa kama sehemu nne za kumi za sekunde. Kibao kina upana wa sentimita 43. Kazi yote iko hapo, na haibadiliki ukiwa kwenye uwanja wa watu 40,000 au nyuma ya shule yenye bati la matokeo linalogeuzwa kwa mkono.

Kuingia

Kwa miaka mingi aliyetaka uamuzi wa kulipwa alilipia shule ya waamuzi Florida, akakaa kama wiki tano kwa fedha yake, na mwisho wachache walichaguliwa. Siku hizi ligi kuu, MLB, ndiyo inayosimamia ligi ndogo, zile za kulipwa zilizo chini yake, moja kwa moja, na inaendesha kambi za siku moja za bure katika miji mbalimbali. Wanaowavutia wakufunzi hualikwa kwenye mafunzo marefu zaidi, na huko ndiko ajira hutoka. Masharti ya mwanzo si makubwa: cheti cha sekondari au kinacholingana nacho, macho yanayoona vizuri (miwani inaruhusiwa), wepesi wa mwili, na uwezo wa kuzungumza na mtu aliyekasirika. Hakuna anayekuuliza kama uliwahi kucheza. Kibali cha kufanya kazi Marekani lakini utaulizwa, na wapo vijana wetu ambao suala linaishia hapo.

Mechi za shule ni mlango ulio wazi siku zote. Unajiandikisha na chama cha michezo ya shule cha jimbo, unahudhuria mikutano ya sheria, unafanya mtihani, unanunua vifaa vyako mwenyewe: barakoa ya chuma, ngao ya kifua, kinga za miguu, viatu vyenye ncha ngumu, kiburashi cha kupangusia kibao, kihesabio cha mkononi. Dola mia kadhaa zinaondoka kabla hujapata hata moja. Lakini kazi ipo, kwa sababu watu hawapo. Shirikisho la kitaifa la vyama vya shule za sekondari lilisema kwamba kati ya msimu wa 2018-19 na 2021-22 waamuzi wapatao 50,000 wa michezo yote waliacha. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilipewa mechi kabla sijajua kusimama vizuri. Hilo si jambo la kujivunia, ila ndivyo ilivyo.

Ngazi

Hapa ndipo njia mbili zinapoachana kabisa, na ningemwomba mpwa wangu apasome mara mbili.

Ligi kuu ina waamuzi wa kudumu 76, makundi 19 ya watu wanne wanne. Chini yake, ligi ndogo zina zaidi ya 200, nao wote wanazitazama nafasi hizo hizo. Unaanzia ligi za mazoezi za Florida au Arizona, ambako mechi huchezwa mchana juani bila watazamaji wa maana. Kisha Single-A, High-A, Double-A, Triple-A. Anayefika juu huchukua kwa kawaida miaka saba hadi kumi, na wengine zaidi.

Kentucky tuna darasa zuri la kuielewa ngazi hii. Bowling Green Hot Rods wako High-A, na mechi yao ina waamuzi wawili. Louisville Bats wako Triple-A, nao wana watatu. Kutoka uwanja mmoja hadi mwingine ni mwendo wa chini ya saa mbili kwa barabara ya I-65. Familia nyingi za Kikongo zinakwenda na kurudi baina ya miji hiyo miwili kila wikendi kwa harusi na ibada. Kwa mwamuzi umbali huo ni miaka, na wengi wanaishia katikati.

Wanaishiaje? Hawaachi kwa hiari yao. Kila msimu wasimamizi wanakuja, wanakaa jukwaani na daftari, wanakupa alama. Ukionekana huna nafasi ya kufika juu, unaachiwa, hata kama katika ngazi uliyopo hufanyi vibaya, kwa sababu unamzibia njia aliye nyuma yako. Mmoja wa wenzangu aliachiwa akiwa Double-A na miaka 31. Hakukosea mechi yoyote kubwa. Aliambiwa tu kwamba hawaoni ataendelea wapi.

Mvumilivu hula mbivu, tumeambiwa tangu utotoni. Hapa mbivu ni 76 na kila moja ina mwenyewe, tena anaweza kuishika kwa miongo. Joe West alichezesha mechi yake ya kwanza ya ligi kuu mwaka 1976 na alistaafu baada ya msimu wa 2021, akiwa na mechi 5,460, rekodi. Kuna miaka zinafunguka nafasi moja au mbili. Kabla ya msimu wa 2023 waamuzi 10 waliondoka kwa mpigo, wakapandishwa 10, na ligi ndogo nzima ilikuwa kama kijiji kilichopata mvua.

Mfano ninaoupenda ni Emmett Ashford. Aliacha kazi ya posta Los Angeles akaingia ligi ndogo mwaka 1951. Alifika ligi kuu Aprili 1966, mwamuzi wa kwanza mweusi huko, akiwa na miaka 51. Kumi na mitano chini, mitano juu, kisha akastaafu. Sehemu ya kusubiri huko ilikuwa rangi yake, bila shaka. Na kwa mabinti wanaosoma: Bernice Gera alichezesha mechi moja ya kulipwa mwaka 1972, baada ya kupigania haki hiyo mahakamani, akaacha siku hiyo hiyo. Pam Postema alikaa ligi ndogo tangu 1977 hadi 1989, akafika Triple-A, mlango haukufunguka. Jen Pawol alianza 2016, na tarehe 9 Agosti 2025, Atlanta, akawa mwanamke wa kwanza kuchezesha mechi ya msimu wa ligi kuu. Miaka tisa. Kwa kiwango cha kazi hii, huo ni mwendo wa kawaida.

Upande wa shule na vyuo ngazi ipo pia, ila hakuna anayekusukuma chini. Unaanza na watoto wa miaka 10, unapanda sekondari za chini, sekondari kubwa, vyuo vidogo, halafu ukiwa mzuri na ukijulikana, vyuo vya daraja la kwanza, ambako mwisho wa msimu ni Omaha, Nebraska, kwenye fainali za vyuo. Nasema ukijulikana, maana huku anayegawa mechi ni mtu mmoja kwa kila kanda, na asipokupenda simu hailii. Kulalamika haitakiwi, kwa kuwa hajakufukuza. Hajakupangia tu.

Fedha

Kwa ligi ndogo, takwimu zilizozoeleka kwa miaka mingi zilikuwa dola 2,000 hivi kwa mwezi ngazi za chini hadi 3,900 hivi Triple-A, pamoja na posho ya chakula na malazi njiani. Neno la kuangalia ni "kwa mwezi": unalipwa miezi ya msimu. Oktoba hadi Machi utafute kingine, na mwajiri gani atakupa kazi ukimwambia mwezi wa tatu unaondoka? Waamuzi hawa wana chama chao cha wafanyakazi, na mwaka 2006 waligoma kuanzia mwanzo wa msimu hadi Juni kwa ajili ya mishahara hii hii. Mechi ziliendelea kwa waamuzi wa kuokoteza.

Ukivuka, dunia ni nyingine. Ligi kuu anayeanza anatajwa kupata kama dola 150,000 kwa mwaka na wakongwe zaidi ya 400,000, wana pensheni, bima, na wiki nne za mapumziko katikati ya msimu. Hakuna ngazi ya kati. Unakula makombo, kisha siku moja unakuwa tajiri, au huwi.

Mechi ya sekondari katika majimbo mengi inalipa baina ya dola 60 na 100. Vyuo vya daraja la kwanza hulipa mamia kwa mechi moja. Wewe ni mkandarasi wa kujitegemea: kodi unajikatia, bima hakuna, mvua ikinyesha umeshafika uwanjani huenda ukapata nusu au ukapata pole. Mimi msimu mmoja mzuri hunilipia ada ya mtoto na tiketi ya ndege ya mtu mmoja kwenda nyumbani. Haijawahi kunilipia kodi ya nyumba, na sijaitegemea kwa hilo.

Uwanjani

Jambo ambalo watu hawalitarajii: ngazi za chini ndizo ngumu zaidi kwa miguu na kwa hesabu. Ligi kuu mko wanne, kila mmoja na besi yake, unakaa nyuma ya kibao mechi moja katika nne. Triple-A mko watatu. High-A wawili, kwa hiyo siku moja uko nyumbani, siku ya pili unakimbilia besi tatu peke yako. Mechi za watoto mara nyingi uko pekee. Mpira ukipigwa kona ya kulia, mkimbiaji wa kwanza anazunguka ya pili, wa pili anakwenda nyumbani, na wewe una macho mawili.

Waliopita mafunzo ya kulipwa unawatambua kwa hilo. Wanajua wasimame wapi kabla mpira haujaondoka mkononi mwa mrushaji: mkimbiaji hayupo, hapa; yuko besi ya kwanza, pale; yuko ya pili, upande wa pili. Huku kwetu wengi tunajifunza kwa kukosea mbele ya wazazi. Ukiniuliza kitu gani kimoja ninachowaonea wivu, ni hicho, si mshahara.

Sheria nazo hazifanani, na hapa kuna mtego kwa anayetaka kuhama kutoka kwetu kwenda kwao. Mrushaji akidanganya mwendo wa kurusha kukiwa na mkimbiaji, sheria za sekondari zinasema mpira umekufa, yaani mchezo unasimama, papo hapo. Katika besiboli ya kulipwa mchezo unaachwa kwanza uone litakalotokea. Mtu aliyepiga kelele "umekufa!" kwa miaka mitano mkono unamruka wenyewe. Wenzangu wanasema wakufunzi wa kambi wanapendelea kijana asiyejua kitu kuliko mzee aliyejua vibaya.

Maisha ya njiani ni ya waamuzi wa kulipwa zaidi kuliko sisi. Ngazi za chini ni gari, hoteli, gari, na mtu mmoja ambaye hukumchagua, msimu mzima. Ratiba ya Double-A ni mechi 138, ya Triple-A 150. Ligi kuu ni ndege, lakini mji wa nyumbani hauna maana: timu zina nyumba, waamuzi hawana. Mimi saa tatu usiku niko jikoni kwangu nakula ugali uliopoa, na hicho si kitu kidogo.

Halafu kuna kanuni za maisha. Pat Hoberg, mwamuzi wa ligi kuu, kwenye mechi ya pili ya fainali za 2022, aliamua mirusho 129 na kwa hesabu za wanaofuatilia hakukosea hata mmoja. Februari 2025 akafukuzwa, kwa sababu alimshirikisha rafiki akaunti yake halali ya kamari, na rafiki yule aliitumia kuchezea besiboli. Ligi ilisema haikuona ushahidi kwamba yeye mwenyewe alichezea. Jicho kama lile, na halikumsaidia. Ukiwa kijana unayefungua simu kubeti kila Jumamosi, anza kufikiri.

Matusi, na kukosea

Nimeulizwa wapi wanatukanwa zaidi. Jibu langu huwashangaza: kwetu. Watu 40,000 wakizomea ni sauti moja kubwa, kama bahari. Wazazi 30 nyuma ya uzio ni sauti 30, kila moja ina jina, na Jumatatu unakutana nayo kwenye foleni ya duka. Mara moja mama mmoja alinifokea kwa Kiswahili, akidhani sielewi. Nilimgeukia nikamwambia, "Mama, mwanao alikuwa auti, na pole." Jukwaa lote la Wakongo lilicheka, naye akacheka mwisho.

Lakini kosa la ligi ya kulipwa haliozi. Tarehe 2 Juni 2010, Detroit, mrushaji Armando Galarraga alikuwa amewatoa wapigaji 26 mfululizo. Alibaki mmoja akamilishe mechi isiyo na dosari, kitu ambacho wengi wanarusha maisha yao yote bila kukigusa. Wa 27 akapiga mpira wa chini, akakimbilia besi ya kwanza, na mwamuzi Jim Joyce akasema ameokoka. Marudio ya video yakaonyesha ni auti, si kwa unywele, kwa hatua nzima. Joyce alipoona picha hakutafuta sababu. Alisema amekosea, akamwomba radhi Galarraga ana kwa ana. Kesho yake zamu ya nyumbani ilikuwa yake, na Galarraga ndiye aliyemletea karatasi ya majina ya wachezaji kibaoni. Joyce alikuwa anafuta machozi.

Leo kosa lile lingerekebishwa. Tangu 2014 makocha wa ligi kuu wanaweza kuomba maamuzi mengi yatazamwe upya na waamuzi walioko New York. Kwetu hakuna video. Nikikosea Jumanne, nimekosea milele, ila ni milele ya watu 30.

Mashine

Kuanzia msimu wa 2026 ligi kuu inatumia mfumo wa kamera kuamua straiki na boli pale timu inapopinga. Kila timu ina nafasi mbili, anayeruhusiwa kupinga ni mrushaji, mdakaji au mpigaji, kwa kugusa kofia yake pale pale, na akishinda timu haipotezi nafasi hiyo. Triple-A waliuzoea mapema, viwanja vyote vilikuwa na kamera tangu 2023. Kwa mpwa wangu maana yake ni hii: akianza leo na akafika juu baada ya miaka tisa, atakuta kazi ambayo kipimo chake cha zamani, jicho la kibaoni, kiko chini ya usahihisho wa hadharani kila siku. Sidhani mwamuzi ataondolewa. Mtu bado anatakiwa kusimamia ugomvi, mvua, mkimbiaji aliyegongana na mdakaji. Lakini fahari ya kazi inahama. Shule yetu haina fedha ya kubadilisha taa mbili za uwanja, sembuse kamera kumi na mbili, hivyo jicho la binadamu litaishi zaidi mahali linapolipwa kidogo zaidi.

Nani aende wapi

Kama una miaka 20 hadi 26, huna mtu anayekula kwa mkono wako, kibali chako kiko sawa, na unaweza kuambiwa "hatukuoni mbele" ukiwa na 31 bila kuvunjika, nenda kambi ya siku moja. Ni ya bure, na kupoteza Jumamosi moja hakujamwua mtu. Usiache kazi kabla ya kuitwa mara ya pili.

Ukiwa na familia, au umevuka 30, au unamtumia bibi fedha kila mwezi kama wengi wetu, njia ya shule na vyuo ndiyo yako. Na usiione kama ya walioshindwa. Vyuo vikubwa vimejaa watu walioachiwa na ligi ndogo, wanachezesha Februari hadi Juni, wanafundisha darasani au wanauza bima mwaka uliobaki, na ukiwauliza kama wangerudi njiani wanakutazama tu.

Kuhusu wewe, mwanangu: una 22, huna mtoto, lakini hujawahi kusimama nyuma ya mdakaji hata siku moja, na kujua sheria ni kitu kingine. Jumamosi saa tatu asubuhi kuna mechi ya watoto wa chini ya miaka 12 na mwamuzi wake ni wewe, peke yako. Nimeshaongea na anayegawa. Barakoa yangu utaikaza kamba za nyuma, kichwa chako ni kidogo. Mimi nitakuwa nyuma ya uzio na kiti changu, pamoja na wazazi, na sitakutetea.